Kishikwambi kipi kinamfaa mzazi asiyezoea vifaa vya kidijitali?

MtotoWaPili

Salaam wanajukwaa,

Mimi na ndugu zangu tumekubaliana kuchangishana ili tumnunulie mama yetu kishikwambi, na kwa kuwa tumekwishavutana vya kutosha bila kufikia mwafaka, nimeona nilete suala hili kwa wenye uzoefu. Mama amevuka miaka sabini. Akili yake ni timamu kabisa na anapenda kusoma, ila simu yake tangu zamani ni ya vitufe na huitumia kupiga na kupokea tu. Hajawahi kumiliki kifaa cha kugusa kioo. Anasoma kwa miwani. Vidole vyake vimekuwa vikavu, na mkono wa kulia hutetemeka kidogo, hasa akishika kitu kwa muda mrefu.

Anachokitaka amekitaja mwenyewe: awaone wajukuu anapozungumza nao, asikilize taarifa ya habari kwa wakati anaoutaka yeye, asome vitabu kwa maandishi makubwa, na atazame picha tunazomtumia bila kusubiri mtu aje nazo. Hakuna hata mmoja wetu anayeishi naye, kwa hiyo msaada wetu mwingi utatoka mbali.

Kaka anashikilia iPad kwa sababu anaamini haisumbui. Dada anataka cha Android kwa kuwa sisi wengine wote tunatumia simu za Android. Mimi ninachojali ni kwamba mama akitumie mwenyewe, kisije kikaishia kabatini baada ya wiki ya kwanza. Tuanzie wapi?

---

Kitufe_Kimoja

Ndugu MtotoWaPili, hongereni kwa kumfikiria mama. Katika maelezo yako kuna jambo moja ambalo naona lina uzito kuliko chapa ya kifaa, nalo ni kwamba mama anatumia simu ya vitufe. Watu wengi hununua kishikwambi wakidhani kwamba mazungumzo ya video yatajipanga yenyewe, kumbe programu ambayo familia nzima inaitumia huenda inadai namba ya simu, na wakati mwingine inadai simu janja kabisa.

Chukua WhatsApp. Ilifika rasmi kwenye iPad mwezi Mei 2025, lakini ilikuja kama kifaa kinachounganishwa na akaunti ambayo tayari iko kwenye simu janja. Mtu asipoifungua WhatsApp kwenye simu hiyo kwa zaidi ya siku 14, vifaa vilivyounganishwa nayo hutolewa. Kwa mtu mwenye simu janja mfukoni hilo si tatizo. Kwa mama yako, ambaye hana simu ya namna hiyo, litakuwa tatizo tangu siku ya kwanza. Kwenye kishikwambi cha Android hali ni nafuu zaidi, kwa maana unaweza kusajili akaunti mpya kwa namba yake, na tarakimu za uthibitisho zikapokelewa kwenye simu yake ya vitufe kwa ujumbe mfupi au kwa kupigiwa. Fanyeni kazi hiyo mkiwa pamoja naye, au mkiwa na laini yake mkononi, kwa sababu tarakimu hizo hukaa muda mfupi tu.

Je, iPad imekosa njia? Hapana. FaceTime, programu ya Apple ya simu za video, hufanya kazi kwa anwani ya barua pepe bila namba ya simu, na ubora wake ni mzuri sana. Ila kumbuka kwamba tangu 2021 mtu wa Android anaweza kujiunga na FaceTime kwa kiungo anachotumiwa, kupitia kivinjari, lakini hawezi yeye kumpigia mwenye iPad. Maana yake ni kwamba ninyi wa Android hamtaweza kumpigia mama kwa FaceTime. Itabidi yeye atengeneze kiungo na kuwatumia, kazi ambayo hata wazoefu huiona ndefu. Google Meet, programu ya Google ya mazungumzo ya video, huingia kwenye iPad na kwenye Android kwa akaunti ya Google, na hiyo inaweza kuwa njia ya kati ikiwa kaka ataendelea kushikilia hoja yake.

Kwa hiyo swali langu kwenu ni hili: ni nani kati yenu atakayepokea simu mama akikwama saa mbili usiku? Kifaa kinachofanana na cha mtu huyo ndicho kinachofaa. Anayetoa msaada kutoka mbali anahitaji kuwa na kioo kilekile mbele yake, ili akisema "gusa alama ya gurudumu lenye meno", awe anaiona na yeye. Kama msaidizi ni kaka na ana iPad, hoja yake inapata nguvu. Kama ni dada au wewe, chukueni Android, mjadala uishe.

---

Mwalimu wa Jioni

Naunga mkono aliyetangulia kuhusu msaidizi. Mimi huwafundisha watu wazima matumizi ya kompyuta na simu, na ningependa kuzungumzia mikono ya mama, kwa sababu maelezo yako yameigusa na ndiyo sababu kubwa inayowakatisha wazee tamaa, ingawa wenyewe husema tu kwamba "hiki kitu hakinitaki".

Vioo vya vishikwambi hutambua kidole kwa umeme kidogo unaopita kwenye ngozi. Ngozi kavu hupitisha umeme huo hafifu, hivyo mzee anagusa na kifaa hakijibu, kisha anakandamiza kwa nguvu na kidole kinabaki palepale, na kifaa kinadhani ameshikilia. Badala ya programu kufunguka, inatokea orodha ndogo ya kuifuta au kuihamisha. Mkono unaotetemeka nao hugusa mara mbili pale panapotakiwa mara moja. Mambo yote mawili yana dawa ndani ya mipangilio. Kwenye iPad, chini ya ufikivu (Accessibility), kuna sehemu ya kurekebisha mguso ambako unaweza kuamuru kifaa kingoje kidogo kabla ya kukubali mguso na kipuuze miguso inayorudiwa. Kwenye Android unaweza kurefusha muda wa kugusa na kushikilia, na vishikwambi vya Samsung vina pia chaguo la kupuuza miguso ya kurudiarudia. Mnunulieni vilevile kalamu ya kugusia yenye ncha laini. Ni kitu kidogo, lakini kwa wenye vidole vikavu huleta tofauti ambayo mipangilio peke yake haiwezi.

Jambo la pili ni namna ya kurudi mwanzo. Vifaa vya sasa hutoka kiwandani vikiwa vimepangwa kwa kutelezesha kidole kutoka ukingo wa chini, na hicho ndicho kitendo kigumu kuliko vyote kwa mtu anayeanza, kwa kuwa hakionekani popote kwenye kioo. Android hukuruhusu kurudisha vitufe vitatu vya chini: kurudi nyuma, mwanzo, na programu zilizofunguliwa. Virudisheni kabla mama hajakiona kifaa. Upande wa iPad, ile ya msingi iliyotoka 2021 ndiyo ya mwisho kuwa na kitufe halisi cha mwanzo; zilizofuata kuanzia 2022 hazina. Hata hivyo kuna AssistiveTouch, ambayo huweka kitufe cha duara juu ya kioo, na unaweza kukipanga ili kikiguswa mara moja kirudishe mwanzo. Mtu anayejua kwamba kuna mahali pamoja pa kugusa pakamrudisha salama hujaribu mambo mengi zaidi bila hofu, na nimeona hilo kwa wanafunzi wengi kiasi kwamba sasa ndilo somo langu la kwanza daima.

Kuhusu ukubwa, wengi hudhani kwamba kikubwa zaidi ndicho bora kwa macho. Macho yanafurahi, mikono inaumia. Galaxy Tab A9 ya Samsung yenye kioo cha inchi 8.7 ina uzito wa gramu 332. Ndugu yake A9+ ya inchi 11 ina gramu 480, karibu sawa na iPad ya kawaida. Na vile vikubwa vya inchi 13 kwenda juu hukaribia au hupita gramu 600. Kwa mama mwenye mkono unaotetemeka ningechagua inchi 10 au 11, nikanunua na kava lenye mguu wa kusimamia, ili kishikwambi kikae mezani na mikono ibaki huru. Kava hilo hurekebisha pia tatizo la mazungumzo ya video, ambapo wajukuu huishia kuona dari na paji la uso.

Maandishi yaongezeni bila woga. Android 14, iliyotoka 2023, inaweza kuyakuza hadi asilimia 200 kwa namna ambayo vichwa vya habari vilivyo vikubwa tayari havivimbi kupita kiasi. Ongezeni na muda wa kioo kuzimika, uwe dakika kumi au kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa. Mtu anayesoma polepole hukerwa sana kioo kinapozimika katikati ya sentensi, tena hudhani ameharibu kitu.

---

Mjukuu Mkubwa

Wenzangu wamesema vizuri. Kuna hatari moja ambayo naona haijatajwa, nayo ni kumrahisishia mama mpaka kifaa kikose maana.

Njia za kurahisisha zipo nyingi. Samsung wana hali rahisi inayokuza alama na kupunguza mambo kwenye kioo. Apple walileta Assistive Access mwaka 2023, ambayo hubadilisha mwonekano wote ukabaki na alama kubwa chache za kupiga simu, ujumbe, kamera, picha na muziki, pamoja na kitufe kikubwa cha kurudi. Kuna pia njia ya kufungia kifaa kwenye programu moja tu, inayopatikana kwenye iPad na kwenye Android. Njia hizi ni nzuri kwa wanaozihitaji kweli, kwa mfano mzazi ambaye kumbukumbu yake imeanza kufifia. Kwa maelezo yako, mama ana akili timamu na anapenda kusoma. Ukimfungia kwenye alama nne atajua kwamba amepewa kitu pungufu, na wazee husoma haraka sana nia iliyo nyuma ya zawadi. Mimi ningeanza na kifaa cha kawaida ambacho ukurasa wake wa kwanza una alama anazozihitaji tu, tano au sita, zimewekwa chini mahali ambapo vidole vinafika, na mengine yote yaondolewe kwenye ukurasa huo bila kufutwa. Akitaka kutafuta zaidi siku moja, atayakuta.

Kwa nia hiyohiyo ya kumheshimu, akaunti iwe yake. Iwe na jina lake, neno la siri achague yeye, na namba ya kurejeshea akaunti iwe ya simu yake, huku namba ya mmoja wenu ikiwekwa kama ya pili. Familia nyingi humpa mzazi akaunti ya mtoto kwa kuwa ni haraka, kisha picha, ujumbe na anwani za watu wawili zinachanganyika, mama anaona mambo ambayo hayakuwa yake kuyaona, na siku mtoto akibadilisha neno la siri, kifaa cha mama kinanyamaza bila maelezo.

Nikitazama lugha, naona Android ina nafasi. Menyu na mipangilio yake inapatikana kwa Kiswahili, na kibodi ya Google imekuwa ikipokea Kiswahili kwa sauti tangu 2017, hivyo mama anaweza kusema anachotaka kuandika badala ya kuzitafuta herufi moja moja. Lakini kabla hamjabadilisha lugha, muulizeni yeye. Wapo wazee waliofanya kazi za ofisini kwa Kiingereza na wanaozielewa menyu zake vizuri zaidi, na yupo pia msaidizi wa mbali ambaye atapotea akiwa na menyu za lugha moja ilhali mama ana za lugha nyingine. Msaidizi na mama wawe na lugha moja kwenye vifaa vyao.

---

MtotoWaPili

Nawashukuru sana. Suala la WhatsApp hatukulijua kabisa, na limemaliza ubishi wetu: tutachukua Android, dada ndiye atakuwa msaidizi kwa kuwa simu yake ndiyo inayofanana zaidi na kifaa tunachokifikiria, na akaunti itakuwa ya mama kama alivyoshauri Mjukuu Mkubwa.

Naomba niulize mambo mawili zaidi. Kwanza, kuna vishikwambi vya Android vya majina tusiyoyajua vyenye ujazo mkubwa kwa bei ya chini sana, na vingine vilivyotumika vya chapa kubwa. Je, tuviguse? Pili, mama ni mtu wa kuamini watu. Tumlinde vipi na matapeli bila kumtia hofu ya kutumia kifaa chake?

---

Kitufe_Kimoja

Hivyo vya majina yasiyojulikana, kwa mtu wa aina ya mama yako, viacheni. Udhaifu wa kasi unaweza kuvumilika. Kinachonitisha ni usalama. Mwaka 2023 watafiti waliweka wazi mtandao waliouita BADBOX, uliohusu vifaa vya bei nafuu vinavyotumia Android, vikiwemo visanduku vya televisheni na hata kishikwambi, ambavyo vilimfikia mnunuzi vikiwa tayari vina programu hasidi ndani yake. Mwaka 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, nao walitoa tahadhari kuhusu kizazi cha pili cha mtandao huo. Mzee hawezi kujikinga na kitu kilichoingizwa kabla ya boksi kufunguliwa. Njia rahisi ya kukagua ni kufungua Play, duka la programu la Google, kuingia kwenye mipangilio yake na kutazama sehemu ya kuhusu: kifaa kilichoidhinishwa huandikwa hivyo. Hakikisheni pia kwamba duka la Play lenyewe lipo, kwa sababu vishikwambi vya Fire vya Amazon, ingawa vimejengwa juu ya Android na vinatoka kampuni kubwa, huja bila duka hilo, na msaidizi anayetegemea programu za Google atasumbuka.

Vilivyotumika vinawezekana, kwa masharti. Kiwasheni mbele ya muuzaji kikiwa kimerudishwa katika hali ya kiwandani, na mfuate hatua zote mpaka mfike kwenye ukurasa wa mwanzo. Kikidai neno la siri la akaunti ya mwenye awali, msikichukue, hata muuzaji akiahidi kulileta kesho, kwa kuwa kufuli hiyo imewekwa mahsusi ili kifaa kilichoibwa kisiwe na faida. Tazameni pia tarehe ya sasisho la mwisho la usalama kwenye mipangilio. Kama ni la miaka miwili nyuma na hakuna jipya linalopatikana, kifaa hicho kimefika mwisho wa kuhudumiwa na mtengenezaji, na programu zitaanza kukikataa moja baada ya nyingine.

Upande wa uwezo sitasema mengi: gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kuendeshea (RAM) zisipungue, na hifadhi ya gigabaiti 64 inatosha ikiwa kuna nafasi ya kadi ya kumbukumbu kwa ajili ya picha na vitabu. Kama mahali anapoishi mama hakuna intaneti ya nyumbani, nunueni chenye nafasi ya laini. Kile cha Wi-Fi pekee kitahitaji simu janja ya mtu mwingine kukigawia intaneti, na mtamrudisha mama kwenye kusubiri watu.

---

Mwalimu wa Jioni

Kuhusu matapeli, nimeona orodha ndefu za maonyo haziwasaidii wanafunzi wangu. Mtu anakariri maonyo kumi, tapeli anakuja na la kumi na moja. Nawapa kanuni mbili tu, na nazirudia mpaka zikae.

Ya kwanza ni kwamba tarakimu zinazofika kwa ujumbe hazisomwi kwa mtu yeyote, hata anayesema ni mtoto wako. Akaunti nyingi za WhatsApp huibwa kwa njia hiyo tu, kwa mwenye akaunti kuombwa kwa upole azisome tarakimu zile sita. Fungueni pia uthibitisho wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, ili hata tarakimu hizo zikitoka, bado kuwe na namba ya siri anayoijua mama peke yake.

Ya pili ni kwamba hakuna mgeni anayesaidia kifaa kwa simu. Programu za kuendesha kifaa kutoka mbali, kama AnyDesk na TeamViewer, ni halali na hutumiwa na mafundi, lakini ndizo hasa tapeli anazomwomba mzee apakue kwa madai kwamba anatoka benki au kampuni ya simu. Kwa sababu hiyo ningemshauri dada asitumie kabisa programu ya namna hiyo na mama, ingawa ingemrahisishia kazi. Amsaidie kwa mazungumzo ya video na kwa kumwomba mama ashiriki kioo chake, ili mama abaki ndiye anayegusa. Atajifunza haraka zaidi, na siku mtu mwingine akimwomba apakue kitu cha kumwezesha kuingia, ombi hilo litakuwa geni masikioni mwake na atashtuka.

Kumtia hofu kunaepukika kwa kumwambia wazi ni yapi ambayo hayawezi kuharibika. Mwambieni kwamba akigusa alama isiyo sahihi hakuna kitakachovunjika, kwamba picha zina nakala nyingine, na kwamba kurudi mwanzo ni ruhusa wakati wote. Hakikisheni lakini kwamba nakala hiyo ya picha imewashwa kweli kabla ya kumwambia hivyo.

---

Mjukuu Mkubwa

Naongeza la siku ya kukabidhi. Kishikwambi kisifike kwenye boksi lililofungwa, hata kama kufungua boksi kuna raha yake. Kichajini hadi kijae, kisasisheni chote, ingizeni majina na picha za watu wa familia kwenye orodha ya mawasiliano, zimeni taarifa za kila programu isipokuwa simu na ujumbe, kisha mmoja wenu akitumie kwa muda ili aone ni maswali gani kifaa chenyewe kinauliza katikati ya kazi. Maombi yale ya kukadiria programu, kukubali masharti mapya na kuruhusu mahali ulipo ndiyo yanayowababaisha wanaoanza, na mengi hutokea mara moja tu, hivyo ni afadhali yamkute dada.

Akishakipokea, siku hiyo afundishwe kupokea simu ya video na kuikata, basi. Mpigieni kutoka chumba cha pili, mara kadhaa, watoto wakipokezana, mpaka aache kuuliza aguse wapi. Vitabu vije baadaye, na taarifa ya habari ifuate. Hatua za kila jambo ziandikeni kwa kalamu kwenye daftari, kwa maneno yake mwenyewe jinsi alivyoyasema wakati akijifunza, ukurasa mmoja kwa jambo moja, na chaja iwekewe mahali pake pa kudumu karibu na kiti anachopenda kukalia.